Picha Tatu za Nailoni Kavu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu kule kwetu Ujiji watu wanamlaumu fundi, fundi amenyamaza, na mimi napita mbele yao na mkoba wangu begani kama vile hayanihusu. Jina langu nalibana. Fundi nitamwita Yasini, ingawa si jina lake. Mama yangu nitamwita mama tu.

Sitafuti huruma. Nimechoka kulibeba peke yangu, basi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Ujiji lakini naishi Mwanga na mume wangu na binti zetu wawili. Mume wangu ni mtu wa Iringa, alihamishiwa Kigoma kikazi, akanikuta, hakuhama tena. Mama alikuwa akiishi peke yake kule chini, karibu na ziwa, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Ni nyumba ya matofali ya udongo, vyumba vitatu na sebule, na sakafu nyekundu ya saruji ambayo baba aliimwaga kwa mikono yake mwaka niliozaliwa mimi. Kila Ijumaa asubuhi mama aliipiga nta. Mgeni akiingia na viatu, mama hakusema kitu, ila aliviangalia vile viatu mpaka mwenyewe anavivua.

Barazani aliuza mawese kwa chupa. Wateja wake walikuwa wale wale, na nusu yao hawakuja kununua, walikuja kukaa. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuwahi kuomba mengine.

Halafu ziwa likapanda. Walio Kigoma wanajua, sina haja ya kueleza sana. Maji yalikuja taratibu, siku ya kwanza uani, siku ya tatu kizingitini, na siku ya tano tulimtoa mama akiwa amekumbatia dumu la mawese, maji yamemfika magotini. Tukamleta kwangu Mwanga. Nilimwambia ni kwa muda mfupi tu, mpaka maji yashuke.

Maji yalichukua miezi mingi kushuka. Yaliposhuka tukaikuta ile sakafu ya baba imevimba na kupasuka, ukiigonga inalia tupu, na chini yake ni tope.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu. Nilimchoka mama yangu.

Mume wangu hakumchoka. Alikuwa akirudi kazini anakaa naye anamwambia habari za Iringa, baridi na pombe ya ulanzi, na mama anacheka mpaka anajifuta macho. Ni mimi niliyemchoka, mimi aliyenizaa. Alikuwa ananyoosha tandiko nililokwisha kulinyoosha. Alizima redio nikiwa naisikiliza. Siku moja alikuja mwalimu mwenzangu, nikatenga chakula, mama akamwambia mgeni, "Huyu hapiki, huyu anachemsha." Mwenzangu alicheka, na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Na kila asubuhi kabla sijanywa chai, lazima aulize, "Nyumbani pamekauka?"

"Bado mama."

"Haya."

Alikuwa hana la kufanya pale kwangu, sasa naelewa. Mtu aliyezoea baraza lake na wateja wake, umemweka kwenye nyumba ya kupanga ambako hata jirani hamjui kwa jina, atafanya nini zaidi ya kukunyooshea tandiko? Lakini wakati ule sikuelewa. Nilikuwa naona tu kwamba nyumba yangu imekuwa ndogo.

Tulimtafuta fundi Yasini. Ni fundi wa siku nyingi pale Ujiji, mtu wa maneno machache, na nusu ya sakafu za mtaa ule ni za mkono wake. Alivunja ile sakafu yote, akatoa tope, akapanga mawe, akamwaga kifusi na kukishindilia, kisha akamwaga zege la chini. Halafu akasimama, akakataa kuendelea.

"Hapa tusubiri, mwalimu," akaniambia. "Maji yameshuka kwa macho, lakini chini bado yapo na yanapanda. Nikiziba juu sasa hivi, yatatafuta pa kutokea."

Nikamuuliza kwa nini asitandike nailoni kisha amwage juu yake, kama nilivyoona kwenye majengo mapya.

"Majengo mapya yana msingi wa mawe na tofali za saruji. Hii nyumba ina ukuta wa udongo. Ukiyazuia maji katikati, yatapandia ukutani, na ukuta ukilowa chini, hiyo siyo sakafu tena tunayoizungumza."

Akanifundisha kipimo chake. Alikata kipande cha nailoni ngumu, akakitandaza juu ya zege pale sebuleni, akakikandamiza kwa matofali pande zote nne. Kinalala hapo usiku kucha. Asubuhi unafunua. Ukikuta jasho upande wa ndani, chini bado kuna maji. Ukikuta pakavu asubuhi tatu mfululizo, hapo ndipo sakafu inamwagwa.

Yeye alikuwa amepata kazi Ilagala, hangeweza kuja kila siku. "Wewe ndiye macho yangu," akasema. "Kila asubuhi funua, piga picha, nitumie."

Nilifanya kwa uaminifu, haki ya Mungu. Kila asubuhi kabla ya shule napanda bajaji kutoka Mwanga hadi Ujiji, nafungua nyumba, nafunua nailoni, nakuta jasho limejaa, napiga picha, natuma, halafu nakimbilia kipindi cha kwanza na vumbi la saruji kwenye sketi. Fundi anajibu kwa sauti yake ile ya polepole, "Bado, mwalimu." Wiki ya kwanza bado. Ya pili bado. Ya tatu ilinyesha, ndiyo kabisa.

Nikirudi nyumbani namkuta mama ameketi kwenye mlango wa jikoni. "Pamekauka?"

Siku iliyoniharibu haikuwa na jambo kubwa. Ningekuwa na jambo kubwa la kusingizia ningelitaja. Nilirudi kutoka kusimamia mitihani, kichwa kinaniuma, nikaingia jikoni nipike. Nikatafuta mafuta yangu ya alizeti, dumu zima la lita tano, siyaoni. Mama alikuwa ameyamimina yote kwenye dumu lake la mawese.

"Yale ya alizeti hayana ladha," akasema, na alikuwa anafurahi kweli. "Nimeyachanganya yapate uhai."

Nilikwenda chumbani, nikaketi kitandani, nikasema kwa sauti ya chini, "Huyu lazima aondoke." Nilisema huyu. Sikusema mama.

Kesho yake asubuhi nikaenda Ujiji kama kawaida. Nikafunua nailoni, jasho lipo. Si jingi kama la mwanzo, nilijiambia, linapungua, siku chache tu litakuwa limekwisha, sasa siku chache zina tofauti gani? Nikatoa leso yangu kwenye mkoba. Nikafuta nailoni upande wa ndani, nikafuta na zege pale palipolowa, nikapeperusha kwa daftari mpaka pakafifia. Nikapiga picha.

Halafu nikawaza kwamba zinatakiwa asubuhi tatu.

Nikageuza matofali kidogo, nikapiga ya pili. Nikahamia upande wa dirisha, nikapiga ya tatu. Picha zote tatu nilizipiga asubuhi moja, ndani ya dakika zisizozidi kumi, nikamtumia moja siku ile, nyingine kesho yake, nyingine keshokutwa. Mwalimu mzima, ninayewachapa watoto wa watu kwa kunakili majibu.

Fundi alijibu, "Alhamdulillah. Nakuja."

Alipokuja alipiga goti, akaweka kiganja juu ya zege, akakaa nacho pale kwa muda. Kisha akaniangalia. "Mkono wangu unasita, mwalimu. Ni asubuhi zote tatu?"

Hapo nilikuwa bado nina nafasi ya kujiokoa. "Zote tatu," nikasema.

Akamwaga sakafu.

Ilikuwa sakafu nzuri, sitaki kumnyima sifa yake. Aliipiga rangi nyekundu ile ile ya zamani na kuisugua mpaka ikang'aa. Siku tuliyomrudisha mama, wanawake wa mtaa walikuja, akina bibi wenzake wakampokea kwa vigelegele. Mama alivua kandambili mlangoni, akaingia peku. Alizunguka vyumba vyote vitatu peku, anaburuza nyayo taratibu kama anayepima. Kisha akatoka akatenga dumu lake barazani, akaketi.

Nilirudi Mwanga, nikanyoosha tandiko langu, nikawasha redio. Nililala mchana mzima. Nimesema nitakiri, basi nakiri na hilo, kwamba nilifurahi.

Kila Jumapili nilikwenda kumwona. Nikifika namkuta barazani, ananitilia chai pale pale nje. "Kaa hapa, ndani joto." Jumapili nyingine ananiambia ndani kumefukizwa, nyingine eti amepiga nta haijakauka. Nilikuwa na haraka zangu, sikujiuliza. Alianza kukohoa, nikamletea dawa ya kikohozi. Nilimwona amevaa soksi na viatu vya kufunika ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtu aliyekuwa anawavua wageni viatu kwa macho, na sikujiuliza.

Asubuhi moja nikiwa darasani simu ikaita. Jirani alikwenda kununua mawese, akaita hodi, hakuitikiwa, akaingia. Alimkuta mama chini sebuleni. Alikuwa ametoka kuswali alfajiri, akateleza, nyonga ikavunjika. Alilala pale chini tangu alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, kwenye sakafu ninayoijua mimi.

Hospitalini alilazwa wiki nyingi. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Uvinza anakoishi, na jambo la kwanza alilotaka ni kuiona hiyo sakafu iliyomwangusha mama yake. Tukaenda pamoja. Alinyanyua mkeka, chini ya mkeka kulikuwa na magunia, mawili hadi matatu kila mahali, yameloa unaweza kuyakamua. Sakafu ilikuwa imetoka malengelenge. Kule chumbani, ukuta chini ulikuwa umeanza kumeguka, ukigusa udongo unakufuata mkononi. Yaani kila alichokisema yule fundi.

Kaka akamwita fundi. Majirani wakajazana mlangoni. Sitarudia maneno yote ya kaka, alikuwa na uchungu. Alimwita mwizi wa kazi, akamwambia, "Umemvunja mama yangu kwa sakafu ya kulipua." Mmoja kule nje akaongeza kwamba hata kwake ukuta una ufa, na yeye alijengewa na huyu huyu.

Fundi Yasini alisikiliza mpaka kaka akaishiwa pumzi. Kisha akatoa simu yake. "Mimi sikulipua," akasema. "Nilipima. Dada yako alinitumia picha."

Akazifungua. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, niliziona. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudi ya kwanza, akaikuza kwa vidole, akaenda ya pili, ya tatu.

Kulikuwa na jani la mpera. Lilipeperushwa na upepo mlangoni, likaganda juu ya zege pembeni ya nailoni, limekunjika ncha. Katika picha zote tatu lilikuwepo, pale pale, limekunjika vile vile. Niligeuza matofali nikasahau jani.

Akanitazama. Mimi nikatazama chini. Nilisikia kaka anauliza, "Haya, zinaonyesha nini hizo picha?"

Fundi akaizima simu, akaitia mfukoni. "Zinaonyesha pakavu," akasema. "Lakini kosa ni langu mimi. Ningekuja kuona mwenyewe. Samahani sana, mzee. Nitaivunja, nitaimwaga upya kwa nguvu zangu."

Na mimi nikanyamaza. Mbele ya kaka, mbele ya mtaa mzima, mtu akabeba mzigo wangu na mimi nikamwachia. Siku zilizofuata nilisikia watu wawili wamemwondoa kwenye kazi zao. Nikanyamaza na hapo.

Mama alipotoka hospitali tulimrudisha Mwanga, mahali pale pale nilipotaka aondoke. Sasa hawezi kunyoosha tandiko la mtu. Anatembea kwa kushikiliwa, hatua chache, anaketi. Nimemwogesha, nimemgeuza, nimemtoa nje kuota jua. Haulizi tena kama nyumbani pamekauka. Nilidhani nitashukuru siku akiacha kuuliza, kumbe ndicho kilichonishinda.

Jioni moja namkanda mguu, nikamwambia yote. Leso, picha tatu, jani. Sikumficha hata yale mafuta ya alizeti. Nililia, na mikono yangu ina mafuta ya kukandia, siwezi hata kujifuta.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi nilijua palikuwa na maji tangu siku ile ya kwanza. Niliingia peku."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema mngenirudisha huku." Alikuwa anauangalia mguu wake, hanitazami. "Na huku nilikuwa nimechokwa. Nikaona bora magunia."

Nimeisikia sentensi hiyo kila siku tangu wakati ule. Naisikia nikiandika ubaoni.

Nilimpigia kaka kesho yake, nikamwambia. Alikata simu, na hadi leo tunaongea kwa salamu tu. Nilikwenda kwa fundi Yasini kumwomba radhi, nikamkuta anachanganya udongo. Hakuacha kazi. Alisema, "Radhi ya kwangu umeipata. Ile sakafu bado inataka asubuhi tatu." Alikuwa ameshaivunja, na nailoni ameitandika.

Basi nikaanza tena bajaji zangu za asubuhi. Safari hii nafunua, nakuta jasho, napiga picha ya jasho, natuma. Miezi imepita hivyo. Mume wangu alishasema tuiache, mama akae kwetu moja kwa moja. Kiangazi kimeingia, ziwa limerudi nyuma kidogo, na mimi nikaendelea kwenda kwa mazoea.

Jana nilifunua nikakuta pakavu. Nikapapasa kwa kiganja, kisha kwa shavu, nimelala kifudifudi kwenye zege na nguo za shule. Pakavu.

Nilirudi jioni nikamkuta mama kwenye kiti chake. Na kwa mara ya kwanza tangu avunjike, labda aliniona uso, akauliza, "Nyumbani pamekauka?"

Wallahi nilitaka kusema bado. Nilitaka abaki. Nilitaka aniharibie mafuta yote ya jikoni. Neno lilishafika mdomoni, na nikaona ni leso ile ile natoa mkobani, safari hii tu nafuta upande mwingine.

"Pamekauka, mama. Leo ni ya kwanza."

Leo asubuhi ilikuwa ya pili. Kesho asubuhi fundi anakuja mwenyewe kuiona ya tatu, na majirani watakuwepo, kwa kuwa mlango wa mama ukifunguliwa hawakosi. Huku gazetini najificha nyuma ya jina nisilolitaja, lakini kesho nitasimama pale kwenye baraza na uso wangu nao, niwaambie ni nani aliyeifuta ile nailoni. Nikishindwa kesho, nitakuwa nimewadanganya na ninyi mliosoma.

Wewe unayemuuguza mzazi na umechoka, sikulaumu kwa kuchoka. Kuchoka kunasemeka. Mwambie nduguyo, mwambie mumeo, mwambie hata yeye mwenyewe mzazi, mgombane muelewane. Usiuchukue uchovu wako ukautafutia kisingizio kizuri, maana mimi changu kilikuwa kizuri sana, nilikuwa namrudisha mama kwake. Na fundi akikwambia subiri, subiri.

Mama tangu jana anakunja kanga zake, anazipanga kitandani. Nimemwambia sakafu ikimwagwa nayo inataka wiki kadhaa za kukauka, asiwe na haraka. Amesema hana haraka. Kisha ameniomba nimtolee viatu vyake vya kufunika kwenye mzigo, kwamba hatavihitaji tena.